Maneno Tuliyompa Ng'ombe

Watu hustaafu wakiwa na mvi. Mimi nimestaafu nikiwa na mtoto wa darasa la pili na meno yangu yote kinywani. Kituo chetu cha Kisii kimefungwa, waliokuwa wakitutuma wameenda kutuma wengine, na mimi nimebaki na tochi moja na hasira. Lakini nyinyi mnaobaki mtaendelea kuwazungukia vijana wetu kwa kujitolea, na viatu vya mvua mtajinunulia wenyewe. Kwa hiyo nawaandikia niliyoyaona kabla hasira haijayala. Mshahara siutaji. Na wenyewe haukuwahi kunitaja.

Nilianza kazi Faith akiwa bado ananyonya. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na baba ya mtoto alikuwa ameenda kutafuta kazi. Mpaka leo anaitafuta. Kwenye mahojiano waliniuliza kama naogopa watu wanaotumia dawa za kulevya. Nikasema mimi namwogopa mwenye nyumba peke yake. Wakacheka, wakaniambia nianze Jumatatu.

Jumatatu nikakabidhiwa kwa Hezron. Hezron alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye mwendo wa kasi kama anayekimbia mvua. Zamani yeye mwenyewe alikunywa chang'aa na kumeza tembe hadi mkewe akachukua koti lake la harusi na kuivika sanamu ya kufukuza ndege shambani. Hiyo hadithi aliwasimulia watu wote, na kila mara alimalizia hivi: "Na ndege waliogopa kweli." Hakuhubiri hata siku moja. Tulipokuwa tunateremka kuelekea nyuma ya soko, mahali malori ya ndizi hupakia, alinipa somo moja tu.

"Usiwaambie umekuja kuwasaidia. Waombe wakusaidie."

"Niwaombe nini? Hawana kitu."

"Wana mikono."

Tuliwakuta wamekaa juu ya majani makavu ya migomba, vijana watano au sita, moshi wa bangi umewafunika kama blanketi, chupa ya gundi inapita mkono kwa mkono. Mmoja mrefu mwenye jaketi lililochanika bega akasimama.

"Wewe mathe, hapa si kliniki. Mmepotea."

Nilitafuta maneno ya mafunzo, yakakimbia yote. Wakati huo leso ilikuwa inalegea mgongoni na Faith anateleza. Nikamwambia yule mrefu, "Basi nishikie mtoto nifunge leso."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ashike bomu. Kisha akafuta viganja kwenye suruali, mbele na nyuma, akavitazama, akavifuta tena. Akageuka akawafokea wenzake: "Zimeni! Zimeni hiyo kitu, kuna mtoto!" Nawaambia nyinyi, bangi ilizimwa. Mmoja alivua shati akaanza kupunga moshi utoke, kifua wazi kwenye baridi ya asubuhi. Chupa ya gundi sikuiona tena. Yule mrefu, jina lake Osoro, akampokea mwanangu akamshika mbali na mwili wake kama trei ya mayai. 

"Anaitwa nani?"

"Faith."

"Faith, usinikojolee, mimi nina suruali moja."

Faith akamkojolea. Walicheka mpaka mpakiaji wa ndizi akaja kuuliza kuna nini. Kuanzia siku hiyo wenzake walimwita Baba Faith, na hakuna mtu aliyenigusa nyuma ya soko lile miaka yote niliyofanya kazi.

Nimekaa kwenye makanisa mengi, nimeona watu safi wakimkunjia uso mtoto anayelia. Sijaona mtoto akiheshimiwa kama vile. Nilikuwa nimeenda kuwaonea huruma, nikarudi nikiwastaajabia, na kama mnataka kudumu katika kazi hii, shikeni hilo la pili. Huruma huisha mapema, hasa siku za mvua.

Sasa vifaa, kwa sababu najua mtaniuliza. Thamosi ya chai na vikombe vya kutosha, maana mtu akinywea kifuniko anajiona mbwa. Glovu, pamba, bandeji, chumvi na sukari za kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Sandali za ziada. Msiende mkiwa wawili wenye majaketi safi, mtafanana na polisi, na watu watatupa vitu mtoni na kuruka ua. Msiandike chochote mbele yao. Ukimkuta mtu amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu, ita msaada na ukae naye. Msimtie maziwa mdomoni. Sijui nani alitudanganya kuhusu maziwa. Maziwa hayamwamshi aliyezimia, humpalia.

Na msiwaite wakaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilimpeleka msichana mmoja hospitalini, mimi mwenyewe, baada ya kumbembeleza tangu masika mpaka kiangazi. Tumekaa kwenye benchi, watu wamejaa, mhudumu akatoa kichwa mlangoni akauliza kwa sauti ya mnada: "Mlevi ni yupi kati yenu?" Yule msichana aliinuka, akakunja leso yake vizuri, akatoka. Nilimfokea yule mhudumu hadi mlinzi akanishika mkono. Hezron aliponisikiliza baadaye alisema, "Hasira yako ni nzuri, Moraa. Lakini umeimalizia pale, na kesho utahitaji nyingine." Kesho yake nilikuwa nayo. Ninayo hadi leo. Aliyeunguzwa na chungu akikwepa jiko, mnamwita mkaidi?

Hezron aliondoka kwenda Kenyenya kumuuguza mama yake. Aliniachia tochi yake ya chuma, nzito, ya kufukuzia mbwa kuliko kumulika. Nikaongezewa upande wa Nyamira, kwenye vilima vya majani chai, na huko ndiko nilikoona jambo ambalo nimekaa kuliandika hasa.

Mama mmoja alinipigia simu analia. Mwanawe, Makori, alikuwa fundi wa redio na simu mjini, kijana mwenye mikono ya ajabu. Alianza na tembe za maumivu ya mgongo, akaishia kwenye tembe za usingizi, zile wanazoziita bugizi, kila siku kwa muda mrefu. Fundi aliyelala hatengenezi redio. Kazi ikaisha, akarudi nyumbani, akajifungia kwenye esaiga yake.

Kwa wenzangu msiotoka kwetu: esaiga ni nyumba ndogo ya kijana aliyetahiriwa na bado hajaoa. Baba yake haingii humo. Si kwamba amekatazwa na sheria ya serikali, ni chinsoni, ile heshima ya aibu iliyoko kati ya mzazi na mwana. Baba hatazami kitanda cha mwanawe, na mambo ya aibu hayazungumzwi kati yao uso kwa uso. Anayeweza kuingia na kutania anavyotaka ni bibi. Mmeelewa? Basi nyumba ile ilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwa mama yake, na baba yake angeweza kufika Mombasa kwa urahisi zaidi kuliko kufika humo ndani.

Baba huyo, Mzee Onchari, ni mzee wa kanisa la Sabato. Majani chai yake yamepangwa kama nywele za msichana anayekwenda harusini. Alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akanieleza mpango wa ukoo kama anayeeleza mpango wa kujenga choo. Mdogo wake, Nyabuto, alikuwapo.

"Jumapili tunakuja na kamba," Nyabuto akasema. "Tunamfungia humo humo. Hakuna tembe, hakuna kutoka. Atoe jasho mpaka awe mtu."

Nilikuwa nimefundishwa jambo hili na Daktari Gesare, tabibu wa zahanati ya upande ule, mwanamke anayeongea polepole kama anayepima dawa. Mtu aliyemeza tembe hizo nyingi kwa muda mrefu hakatiwi ghafla. Mwili unaweza kushikwa na degedege, na anaweza kufa. Hushushwa kidogo kidogo, chini ya macho ya tabibu. Nikawaeleza.

"Kwa hiyo nimnunulie?" Mzee Onchari akauliza. Hakuwa anadhihaki. Lilikuwa swali la mtu aliyechoka.

"Hapana, mzee. Msimnyang'anye ghafla, basi. Daktari amwone, apange namna ya kumshusha."

"Mwambie atoke amwone."

"Mwambie wewe, mzee. Wewe ndiye baba yake."

Alinitazama kama nimemwambia avue suruali madhabahuni.

Nikaenda kwenye esaiga mwenyewe, nikakaa juu ya jiwe lililo karibu na mlango. Tochi ya Hezron ilikuwa imekufa wiki hiyo, na somo lake nilikuwa nalo.

"Nani?" sauti ikatoka ndani.

"Moraa. Tochi yangu imekufa."

"Mimi si daktari."

"Hata mimi. Tutaelewana."

Kisha, "Ipitishe chini ya mlango."

Haikupita, ilikuwa nene. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kutoka. Mkono ule ulikuwa unatetemeka kama jani la mgomba kwenye upepo. Ukaichukua, mlango ukafungwa. Nilisikia vyuma vikianguka sakafuni, vikiokotwa, vikianguka tena. Mara nyingi. Aliweza kuacha. Hakuacha. Mvua ilikuja ikaenda, mimi niko juu ya jiwe na mwavuli, na mle ndani mtu anapigana na skurubu moja. Halafu mwanga ukatokea kwenye upenyo wa chini ya mlango, duara la manjano kwenye viatu vyangu.

"Ni swichi tu," akasema. "Na usirudi, mathe. Najua umetumwa. Siendi hospitali."

"Nitarudi ikifa tena."

"Haitakufa. Nimeitengeneza."

Na kweli haijafa mpaka leo.

Bibi yake ndiye aliyenieleza kwa nini haendi. Nilimwita Magokoro kama wengine wote, mwanamke mfupi, mpenda peremende, aliyewahi kupika chang'aa zamani na ambaye Mzee Onchari, mkwe wake mcha Mungu, alimsalimia kwa mbali. Yeye aliingia kwa Makori bila kubisha, nikamsikia: "Mume wangu, umekuwa mwali wa kufichwa ndani? Nani atanioa basi, mzee wa kanisa?" Na Makori, aliyekuwa hasemi na mtu, akasikika akicheka, kicheko chenye kutu.

"Mwaka jana walimpeleka kwa nguvu," Magokoro akaniambia alipotoka. "Walimfunga kwenye pikipiki kama mbuzi wa Krismasi. Siku ya soko! Walipomfungua huko hospitalini alikimbia. Sasa hata akiona daktari anaona kamba. Na mimi watu wa kamba nawajua. Mteja wangu mmoja ndugu zake walimfungia chumbani aache pombe. Walipofungua mlango alikuwa ameshapoa."

Ijumaa nilimleta Daktari Gesare nyumbani pale. Alikuja kama mgeni, bila koti jeupe, akanywa uji, akasubiri. Mlango haukufunguka. "Siwezi kumtibu mtu kupitia ukuta, Moraa," alisema akiinuka. "Asimeze na pombe, asiachwe peke yake, asikatiwe ghafla. Jumapili asubuhi nitapita tena nikienda zamu." Jumapili. Yaani yeye na kamba wangefika siku moja. Usiku wa Ijumaa nilimiminia mto wa kitanda mawazo yangu, sikulala.

Jumamosi hakuna kazi katika boma la Msabato, ila ng'ombe hajabatizwa, lazima akamuliwe. Jioni Mzee Onchari alirudi kutoka kanisani, akavua koti la suti, akakunja mikono ya shati jeupe, akachukua ndoo. Kibanda cha ng'ombe kimeegemea ukuta wa esaiga. Mimi nilikuwa kwenye jiwe langu, Magokoro alikuwa ndani na mjukuu wake.

Ng'ombe anaitwa Madoa. Alipokamuliwa kidogo tu akapiga ndoo teke, maziwa yote chini. Mzee Onchari, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alilipuka.

"Madoa! Mjinga wewe! Nimekulisha, nimekukatia majani kwenye mvua, nimekujengea nyumba. Kazi yako ni kulala! Unalala mchana, unalala usiku, watu wanapita barabarani wanacheka. Ulikuwa na mikono mizuri kuliko mtu yeyote kilima hiki!"

Nikatazama. Ng'ombe hana mikono.

Naye akayasikia maneno yake mwenyewe. Alisimama pale ameshika ndoo tupu. Kisha sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, ya chini, ya kukwaruza.

"Madoa, mwambie mwenye ndoo umempiga teke kwa sababu anakukamua kwa hasira."

Mungu wangu. Nikafungua mdomo niseme kitu cha mafunzo. Magokoro akanena ndani kama aliyeniona: "Wewe msichana wa mjini, nyamaza. Watu wanaongea."

Mzee Onchari aliketi tena kwenye kigoda. Akaanza kumfuta Madoa kiwele, polepole.

"Madoa," akasema, "muulize huyo anayekujua sana, kwa nini asije akukamue yeye."

"Madoa, mikono yangu inatetemeka. Nitakuumiza."

"Mwambie hata yangu inatetemeka. Tangu siku ya pikipiki." Akaendelea kufuta kiwele. "Madoa, siku ile nilikuwa sokoni. Niliona mtoto wangu amefungwa. Nikatazama viatu vyangu."

Madoa akatafuna.

"Madoa," Makori akasema kutoka ndani, "mwambie nilimwona."

Yule mzee aliweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Sijui kama alilia. Mgongo wake ulikuwa kwangu, na mimi nilikuwa nimeshika jiwe kwa mikono miwili kama litaruka.

"Madoa," sauti ya ukutani ikasema, "kesho wanakuja na kamba. Wakija na kamba hawatanikuta hai."

Wadogo zangu, mkisikia neno kama hilo, msijifanye hamkusikia, na msijibu kwa mahubiri. Ulizeni wazi. Nilisimama nikaenda mlangoni, nikasahau ng'ombe na heshima zote. "Makori. Ni Moraa. Unataka kufa?"

"Sitaki kufa, mathe. Sitaki kufungwa."

"Tembe ziko wapi?"

"Kwa mkebe."

"Mpe Magokoro akushikie. Akupe hizo unazotumia kila siku, zisizidi, mpaka daktari aje. Unakubali?"

Nikasikia mkebe ukibadilisha mikono. Magokoro akasema, "Mume wangu, leo nalala hapa, na ukikoroma nakupa talaka." Na nyuma yangu, kutoka kibandani, Mzee Onchari akasema kwa sauti ambayo kilima kizima kingeisikia:

"Madoa! Hakuna kamba itakayomgusa mtu katika boma hili. Mwenye boma ni mimi."

Nimefanya mafunzo ya ushauri nasaha mara mbili. Nimepewa vyeti. Hakuna ukurasa uliotaja ng'ombe. Sisi sote tulikuwa tumekazana kuuvunja ule ukuta: mimi nataka baba aingie, daktari anataka kijana atoke, Nyabuto anataka kuvunja mlango. Na wao wawili waliuacha ukuta ulipo, heshima yao ipo pale pale, wakapitisha maneno kwenye mgongo wa mnyama.

Jumapili asubuhi Nyabuto alifika na wapwa wawili na kamba mpya ya manila begani. Mzee Onchari alikuwa amesimama mbele ya esaiga kabla yao, mgongo ameupa mlango. Akanyoosha mkono.

"Lete."

Nyabuto akampa, akidhani kazi imeanza. Mzee Onchari akaipima kamba kwa kuivuta, akaenda kibandani, akamfungua Madoa kamba yake kuukuu, akamfunga hiyo mpya.

"Asante, ndugu yangu. Ya zamani ilikuwa imeoza."

"Kaka, tulikubaliana—"

"Tulikubaliana kamba. Kamba imefika. Nendeni jikoni mkanywe chai."

Walikunywa chai. Nyabuto alikunywa vikombe vingi, nadhani ili asiongee.

Daktari Gesare alipofika, nilimweka kwenye kigoda karibu na kibanda, nikamwambia asubiri, asiite. Tukasubiri. Jua lilipanda juu ya majani chai. Kisha mlango wa esaiga ukafunguka wote, si kiasi cha mkono, na Makori akatoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mzima mzima. Amekonda, macho yanakimbia mwanga, amevaa sweta la bibi yake lenye vifungo vya maua. Baba yake akageuka haraka, akatazama bondeni, ili mwanawe apite bila kutazamwa. Hiyo ndiyo heshima, na sijui neno lingine.

Makori alipita karibu naye kiasi cha kumgusa. Akaingia kibandani, akachuchumaa, akashika kiwele. Mikono ilicheza. Maziwa ya kwanza yalikwenda kwenye goti lake, ya pili ukutani. Madoa, mwenye teke jepesi kuliko wote, alisimama kama amechongwa kwa jiwe la sabuni, lile la sanamu za kwetu.

"Madoa," Makori akasema, bila kuinua kichwa, "mwambie daktari asogee. Tutaongea nikikamua."

Daktari Gesare alikunja sketi yake, akachuchumaa kwenye samadi.

Yaliyofuata yalikuwa marefu na hayana ngoma. Alishushwa kidogo kidogo. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, na kila alipoanguka Magokoro alimtishia talaka. Kwa muda mrefu kliniki hakuikanyaga. Daktari alipita njiani akienda zamu, wakaonana kibandani. Mwishowe alikwenda mwenyewe kwa miguu, asubuhi moja, bila kuniambia. Ofisini kwetu waliuliza kama kijana amefikishwa kituoni. Nikasema kituo kilifikishwa kwake. Wakasema hiyo haihesabiki. Hapo mniruhusu ninyamaze, maana nitaandika tusi na barua hii mtaisoma na watoto.

Mwezi uliopita nilipanda Nyamira kuaga. Nilikwenda na Faith, siku hizi ana pengo la meno mawili ya mbele na maswali yasiyokwisha. Tulimkuta Makori anakamua. Redio za watu zimejaa tena dirishani kwake. Mikono yake bado hutetemeka kidogo asubuhi, lakini maziwa yote yaliingia ndooni.

"Wewe," akamwambia Faith, "nishikie ndoo, huyu ng'ombe ana dharau."

Mwanangu akashika kwa mikono yote miwili, akajiona mkubwa. Somo hilo la kuomba usaidiwe sikumfundisha Makori. Hezron hakumjua.

Mzee Onchari alikuja akasimama nje ya kibanda, kofia mkononi. Aliambiwa nimekuja kuaga. Alitazama majani chai, akatazama mawingu, kisha akamtazama Madoa.

"Madoa," akasema, "mwambie Moraa—"

"Tata," Makori akamwambia baba yake, hakuacha kukamua. "Yuko hapo mbele yako. Mwambie mwenyewe."

Mzee Onchari alimtazama mwanawe. Uso kwa uso. Ng'ombe akiwa kando.

Kisha akanigeukia akaniambia asante, kwa kinywa chake mwenyewe.